Mkono Unapofika

Juu kabisa ya shokapu ya kurekebishika, pale shafti inapochomoza kupita nati yake ya mwisho, aghalabu hukaa kirungu kidogo cha alumini kisichozidi ncha ya kidole gumba. Kigeuze, kitalia tik. Endelea, kitalia tena, na kila mlio ni hatua moja kuelekea ugumu au ulaini. Shafti ile ina uwazi ndani yake, na katika uwazi huo kimepitishwa kijiti chembamba chenye ncha ya sindano. Sindano ikishuka huziba njia ya oili, ikipanda huiachia. Vidole viwili vinazungusha kipande cha chuma, na chini kabisa, gizani, oili inabadili mwendo wake, na gari lenye uzito unaozidi tani moja, pamoja na watu na mizigo yake, linaingia kona kwa tabia nyingine. Ni vitu vichache katika gari vinavyompa binadamu mamlaka makubwa hivyo kwa nguvu ndogo hivyo. Upande wa mbele, katika magari mengi, mamlaka hayo hupatikana kwa kufungua boneti tu: virungu viwili vimesimama kulia na kushoto, peupe, vikingoja. Upande wa nyuma, virungu vilevile, vya kiwanda kilekile, vilivyolipiwa bei ileile, vimelala chini ya zulia la buti, au nyuma ya ukuta wa plastiki, au nyuma ya kiti ambacho sharti kwanza king'olewe. Mwenye gari amenunua mamlaka manne na kukabidhiwa mawili.

Kazi ya shokapu huchanganywa mara nyingi na kazi ya springi, kwa hiyo ni vyema kuzitenganisha kwanza. Springi ndiyo inayobeba gari. Tairi likipanda tuta, springi hubanwa na kuihifadhi nguvu ya pigo lile. Ikiachwa peke yake itairudisha karibu yote, na gari litadunda na kudunda tena mpaka lichoke lenyewe. Shokapu huidaka nguvu hiyo na kuigeuza joto: pistoni inalazimishwa kupita ndani ya oili kwenye vijia vyembamba, oili inapata moto, pigo linakwisha. Koilova ni hivi viwili vilivyofungwa pamoja, springi ikiizunguka shokapu, na mwili wa shokapu ukiwa umechongwa meno ya skrubu ili kimo cha gari kipande au kishuke. Gari linapoingia kona, uzito huhama kutoka magurudumu ya ndani kwenda ya nje, na linapofunga breki uzito hukimbilia mbele. Kiasi cha uzito unaohama hutegemea mwendo, kimo cha gari, na upana au urefu wa nafasi iliyo kati ya magurudumu. Namna pande za mbele na nyuma zinavyogawana mzigo wa kona huamuliwa kwa sehemu kubwa na springi pamoja na zile fito za chuma zinazozuia bodi kulala. Shokapu ina neno katika jambo moja tu, nalo ni wakati. Inaamua uzito ufike haraka au polepole. Jambo hilo laonekana dogo, lakini dereva huishi ndani ya wakati huohuo: nusu sekunde ya kuugeuza usukani, ile ya kuachia mafuta katikati ya kona, ile ya gari kuvuka mgongo wa barabara na kutua upya. Na kwa kuwa mbele na nyuma hupokea uzito uleule kwa zamu, anayekaza mbele amekwisha kubadili uhusiano wa mbele na nyuma, hata kama nyuma hakuigusa.

Hapo ndipo zulia la buti linapoacha kuwa suala la usumbufu tu. Gari hurekebishwa pale mkono unapofika, na si lazima pawe ndipo palipo na kasoro. Mkia ukitikisika kwenye barabara yenye mawimbi, dawa iko nyuma. Lakini nyuma kuna klipu kumi za plastiki za kung'oa, na mbele kuna boneti inayofunguka kwa kuvuta kamba. Basi mwenye gari anaingia mbele. Analegeza hatua mbili, anahisi badiliko fulani, maana kila ukigusa mbele lazima kitu kibadilike, na anaridhika kwamba tatizo limepata mtu wa kulishughulikia. Baada ya miezi michache virungu vya mbele vimezungushwa mara nyingi, vya nyuma vimebaki vilevile alivyoviacha fundi siku ya kufunga, na gari lina tabia ambayo hakuna mtu aliyeichagua. Imechaguliwa na zulia. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, na ubaya wa fimbo ya mbali hauishii kwenye kumwacha nyoka hai. Inatufundisha kuua kilicho karibu, kiwe nyoka au kisiwe, kisha kurudi nyumbani tukiamini kazi imefanyika.

Si haki kuwalaumu waliolisanifu gari. Chukua mfano wa Toyota 86 na pacha wake Subaru BRZ, magari yaliyoingia sokoni mwaka 2012 yakilenga hasa watu wanaopenda kuendesha. Vichwa vya shokapu zake za nyuma viko pembeni mwa buti, nyuma ya pazia lake la pembeni, na kwa waliolijenga hapo palikuwa mahali pake kabisa. Shokapu waliyoifunga kiwandani haikuwa na kirungu. Ilikusudiwa kukaa miaka, ichakae, ing'olewe na kubadilishwa. Nani angehitaji kuifikia kila Jumamosi? Naye aliyetengeneza koilova, pengine mbali kabisa na kiwanda kile, aliweka kirungu mahali ambapo fizikia ilimruhusu, juu ya shafti, akafanya kazi yake vizuri. Mafundi wawili waliobobea, kila mmoja akiwa sahihi katika eneo lake, na katikati yao nafasi ya sentimita chache isiyo ya mtu. Hakuna aliyekosea, na kirungu hakifikiki. Matatizo mengi ya vyombo vyetu huzaliwa katika nafasi za aina hiyo, kwenye mpaka ambapo kazi ya mmoja imekwisha na ya mwingine haijaanza, na ndiyo maana huwa hayana wa kushtakiwa. Hubaki kwa mtumiaji.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo, na historia ya shokapu inalionyesha hilo vizuri. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mfaransa Truffault na Mmarekani Hartford walilipatia gari shokapu ya msuguano: mikono miwili ya chuma iliyokutana kwenye bawaba, na kati yake sahani zilizobanwa na nati moja. Ukikaza nati, msuguano unaongezeka; ukiilegeza, unapungua. Kifaa kile kilifungwa nje, kwenye chasisi, mbele ya macho ya kila mtu, na spana moja ilitosha kukirekebisha. Magari yalipoendelea, kilio kikawa kwamba hata kushuka na spana ni mbali. Mwaka 1932 kampuni ya Packard ya Marekani iliwapa wateja wake namna ya kubadili ugumu wa shokapu kutoka kwenye kiti cha dereva. Uingereza, katika miaka hiyo ya 1930, shokapu za André Telecontrol zilibanwa kwa shinikizo lililosafiri kwenye vibomba kutoka kwenye dashibodi, na Rolls-Royce Phantom III ya mwaka 1936 iliweka kishikio cha kazi hiyo pale kwenye usukani, karibu na kidole. Kisha mwaka 1955 Citroën DS ikaja na kishikio cha kupandisha na kushusha kimo cha gari zima kutoka ndani. Watu wale hawakuwa na kompyuta. Walichokuwa nacho ni wazo wazi kwamba marekebisho ni tendo la mtu, na mtu ana urefu wa mkono unaojulikana.

Kuna mfano wa upande wa pili, nao ni wa heshima. Koni, kampuni ya Uholanzi iliyoanza mwaka 1857 kwa kutengeneza lijamu na hatamu za farasi, kwa miaka mingi iliuza shokapu ambazo ili uzirekebishe ulilazimika kuzing'oa garini, kuzibana mpaka mwisho wake, kuhisi pistoni ikishikana na vali ya chini, na ndipo kuzungusha. Mtu anaweza kuutumia mfano huo kunipinga: mbona watu walizipenda na kuziamini? Walizipenda kwa sababu ugumu wa kuzifikia ulilingana na kusudi lake. Marekebisho yale yalikusudiwa hasa kufidia uchakavu. Shokapu ikilegea baada ya maelfu ya kilomita, unaikaza na kuirudishia ujana. Jambo linalofanywa mara moja katika miaka kadhaa linaweza kukaa mbali na lisimdhuru mtu. Lakini kirungu chenye hatua 16, au 24, au 32 hakijatengenezwa kwa ajili ya uchakavu. Hatua 32 ni ahadi ya mara nyingi. Ni ahadi kwamba leo utabeba familia na mizigo, kesho utakuwa peke yako kwenye kona za mlimani, na gari litakuitikia kwa namna mbili tofauti. Kuandika ahadi hiyo kwenye boksi na kisha kuifungia nyuma ya plastiki ni kuivunja kabla haijasomwa.

Uzito wa hoja yangu uko kwenye kumbukumbu. Marekebisho ya shokapu hayana kipimo cha nyumbani; hakuna saa ya kusoma wala rula ya kuweka. Chombo pekee alichonacho dereva wa kawaida ni mwili wake mwenyewe: mgongo, viganja, na kile kitu tumboni kinachojua gari linapoteleza kabla ya macho kujua. Chombo hicho kina usikivu wa ajabu na usahaulifu wa ajabu. Kinaweza kutofautisha hatua mbili na hatua nne, kwa sharti kwamba zote zipitiwe katika barabara ileile, tairi zikiwa na joto lilelile, mvua ikiwa haijaanza kunyesha kati ya jaribio na jaribio. Geuza, endesha, geuza, endesha: maarifa yote yamo katika ukaribu wa vitendo hivyo. Weka katikati yake nusu saa ya kuvua pazia la buti, na umeyakata maarifa hayo mshipa. Tairi zimepoa. Hisia ya mzunguko uliopita imekwisha kuyeyuka na kubaki maoni. Kinachofuata hakistahili tena kuitwa kujaribu. Ni kukisia kwa juhudi kubwa. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, na kirungu kisichofikiwa kina hatua ambazo mwenyewe hatazijua maisha yake yote, ingawa alizilipia.

Na hata pale mkono unapoweza kupenyezwa kwa shida, kwa kupapasa kati ya bati na zulia, kuna hasara nyingine. Mafundi wazoefu huhesabu hatua kuanzia mwisho wa ugumu: wanafunga kirungu chote kwa upole mpaka kigome, kisha wanarudi nyuma wakihesabu, kwa sababu mwisho ule ndio alama ya kuaminika. Shokapu ya kulia na ya kushoto zikihesabiwa hivyo, zinalingana. Lakini vidole vinavyofanya kazi bila macho hupoteza hesabu. Kuna mlio uliosikika mara mbili, kuna mmoja uliomezwa na kitambaa. Kulia kukiwa hatua 10 na kushoto 12, gari litaingia kona za upande mmoja kwa tabia moja na za upande wa pili kwa nyingine, na dereva atatafuta kosa kwenye tairi, kwenye usukani, kwenye barabara yenyewe.

Masuluhisho yapo, na uzuri wake ni udogo wake. La kwanza ni tundu. Pazia la buti na plastiki za pembeni hazibebi uzito wowote wa gari. Unapima mahali kirungu kilipo, unakata duara linalopitisha vidole viwili, unalainisha ukingo, unaweka kizibo cha mpira. La pili ni waya wa kuzunguka, ule wa chuma uliosukwa kwenye ala yake, unaoshika kirungu upande mmoja na kukuletea kirungu kingine upande wa pili, pale ulipopachagua, tuseme kwenye ukingo wa buti. Waya huu una adabu zake. Usipindwe kona kali, kwa sababu utajisokota wenyewe kwanza kabla ya kuigeuza sindano, na hatua mbili za mwanzo zitapotelea njiani. Na uachiwe ulegevu kidogo, kwani kichwa cha shokapu hakitulii gari likiwa safarini. La tatu ni mota ndogo za umeme zinazokaa juu ya virungu na kuamriwa kutoka kwenye kiti cha dereva, kama zile za kampuni ya Tein ya Japani. Mimi ningechagua tundu pale linapowezekana, na waya pale lisipowezekana. Sina ugomvi na mota, ila tundu haliharibiki.

Kuna wanaosema haya yote ni bure, kwa kuwa mtu mwenye akili hurekebisha mara moja, akapata pake, akaacha. Wana haki nusu. Wengi wetu tutaishia kwenye hatua moja tunayoipenda na kuendesha nayo mwaka mzima. Lakini hiyo hatua moja inapatikanaje? Anayesema amepapata pake bila kupita kwingine amepapata kwa bahati, au amekubali pa fundi. Ili uache kurekebisha kwa haki, ni lazima kwanza uwe umeweza kurekebisha kwa urahisi. Tena gari halibaki lilivyo. Tairi mpya zina kuta ngumu au laini kuliko za zamani, mizigo hubadilika, oili ya shokapu huchoka, na barabara ya lami huishia kwenye changarawe. Safari Rally, mashindano yaliyoanza Afrika Mashariki mwaka 1953, yalijipatia jina duniani kwa kuzitesa shokapu namna hiyo; na ukilitazama gari la mashindano ya aina hiyo, mara nyingi utaona zulia la nyuma limeondolewa lote na vichwa vya shokapu viko wazi kwa yeyote mwenye mkono. Wanaolitegemea gari kweli hawakukubali kitu chochote kikae kati yao na kirungu. Hatuhitaji kung'oa zulia lote la gari la familia ili tujifunze kitu hapo.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la wanaoogopa mkono wenyewe. Kirungu kikiwa karibu, wanasema, kitachezewa. Mtoto atakizungusha, kijana atakaza mpaka mwisho akidhani ugumu ni mwendo, na gari litaruka kwenye mashimo badala ya kuyafuata. Hofu hiyo siidharau. Shokapu iliyokazwa kupita kiasi huliinua tairi kutoka ardhini, na tairi lisilogusa ardhi halina breki wala usukani. Tena yapo marekebisho ambayo ugumu wa kuyafikia ni ulinzi halali. Kimo cha gari ni mojawapo. Pete zinazoshikilia springi ziko chini, nyuma ya tairi, na kuzizungusha kunahitaji jeki, gurudumu kutolewa, na spana ya ndoano. Na vema iwe hivyo, kwa sababu ukishusha gari umegusa pia mwelekeo wa magurudumu, mwanga wa taa, na mgawanyo wa uzito kwenye pembe zote nne. Kitendo chenye matokeo mengi hivyo kinastahili kumchosha mtu kidogo, apate muda wa kufikiri. Lakini ulinzi wa kweli huwekwa na mtu aliyefikiri. Zulia la buti halikuwekwa na yeyote ili kumlinda dereva na ujinga wake. Liliwekwa ili masanduku yasikwaruze bati. Kuliita mlinzi ni kuipa ajali sifa ya hekima. Anayeogopa mtoto aweke kizibo kinachohitaji bisibisi. Anayemwogopa kijana amfundishe kuhesabu hatua, na njia bora ya kumfundisha ni kumwachia akaze, aendeshe polepole, asikie mwenyewe gari likigoma, kisha alegeze. Somo hilo linahitaji dakika tano na kirungu kinachofikika.

Wapo pia wanaolihurumia gari: kulitoboa ni kuliharibu, maji yataingia, kelele za tairi zitaingia, na siku ya kuliuza mnunuzi atalitazama tundu lile kwa shaka. Hapa ni lazima kutenganisha kitambaa na chuma. Mnara wa bati unaoshika kichwa cha shokapu hubeba mapigo yote ya barabara, na kuutoboa karibu na bolti zake ni kukaribisha ufa. Huko keekee isifike, na pale ambapo shokapu imejificha kabisa ndani ya tao la gurudumu, afadhali waya upitishwe kwenye kizibo cha mpira ambacho kiwanda chenyewe kilikwisha kukiacha. Kabla ya kukata plastiki yoyote, ijulikane kilicho nyuma yake, maana mle hupita mikanda ya usalama, nyaya, na katika baadhi ya magari mifuko ya hewa. Lakini pazia lenyewe? Linaharibika zaidi kwa kuvuliwa kila mara kuliko kwa kutobolewa mara moja. Klipu za plastiki huzeeka kwa jua, na magari mengi ya Kijapani hutufikia yakiwa yamekwisha kuishi miaka kadhaa kwingine. Ng'oa klipu ya namna hiyo mara ya tatu, itakatika mkononi, na kuanzia hapo buti litakuimbia njia nzima. Tundu lililokatwa vizuri na kuzibwa vizuri ni kovu la upasuaji uliofaulu.

Mwisho watakuja wenye kutazama mbele, watasema mjadala umepitwa na wakati. Tangu mwaka 2002, Cadillac ilipoweka kwenye Seville STS shokapu zenye oili iliyochanganywa na chembe za chuma, inayobadili mnato wake pindi sumaku ya umeme inapowashwa, kazi ya kurekebisha imehamia kwa kompyuta inayopima barabara mara nyingi kwa sekunde moja. Mkono utashindana nayo vipi? Hautashindana, na hauhitaji. Shokapu ile inafanya kazi nzuri mno. Inachoondoa ni nafasi ya dereva kujua kwa nini kazi ni nzuri. Baadhi ya magari ya Kijerumani hayana tena hata kijiti cha kupimia oili ya injini. Skrini inakuambia kiwango, nawe unaamini. Kila mara tunapokubali kusogezwa hatua moja kutoka kwenye kitu, tunapewa raha ya kweli, na tunalipa kwa ujuzi wa kweli, na malipo hayo hayaandikwi kwenye risiti. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Lakini anayeishi miaka yote juu ya vinavyoelea bila kugusa ubao hata mmoja ataanza kuamini kwamba vyombo huelea vyenyewe, na siku chombo kikivuja hatakuwa na la kufanya ila kupiga simu. Koilova yenye kirungu ni mojawapo ya sehemu chache katika gari la leo ambapo mtu asiye fundi bado anaweza kuuliza swali kwa vidole vyake na kujibiwa na barabara. Kwa hiyo kuuficha nyuma ya plastiki mlango uliobaki ni hasara kubwa kuliko ilivyokuwa wakati milango ilipokuwa mingi.

Basi swali linalobaki ni la lini, na jibu lake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Siku ya kufunga koilova, pazia la buti limekwisha kuvuliwa kwa vyovyote vile. Kiti kiko nje, bolti zimefunguliwa, fundi ameinama palepale kirungu kilipo, na anaweza kukiona kwa macho yake. Kupima na kukata siku hiyo kunaongeza kazi ndogo sana juu ya ile iliyokwisha kulipiwa. Kurudi kukata mwezi wa pili kunadai kazi yote ianze upya, na ndiyo maana karibu hakuna anayerudi. Anayeuza koilova angeweza kutia ndani ya boksi vizibo viwili vya mpira na karatasi ya kupimia duara, gharama isiyoweza kuonekana kwenye bei ya jumla. Fundi angeweza kuuliza swali moja kabla ya kurudisha zulia. Na mwenye gari, kwa kuwa fedha ni zake na mgongo utakaoinama ni wake, asisubiri kuulizwa: alitaje tundu pamoja na bei, kabla gari halijapandishwa kwenye jeki, na aombe kwamba pembeni ya kila kizibo iandikwe kwa kalamu isiyofutika upande wa kukaza, jumla ya hatua, na hatua ambayo gari limeachwa nayo.